Kliniki ya mama na mtoto Tanzania: huduma zake, na kwa nini siku 28 za kwanza bado ni za hatari

Karibu kila familia Tanzania imewahi kupita kliniki ya mama na mtoto. Huduma hii ilianzishwa kama mpango wa taifa mwaka 1974, na leo inatolewa kuanzia zahanati ya kijiji na kituo cha afya hadi hospitali ya mkoa. Kwa sera ya serikali, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawatakiwi kulipia matibabu katika vituo vya umma. Katika makala hii tunaeleza huduma zinazotolewa katika kila hatua, na mahali ambapo maisha bado yanapotea.

Takwimu zinasema nini?

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya kina mama vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 navyo vilishuka kutoka 67 hadi 43 katika kila vizazi hai 1,000.

Lakini kuna namba moja ambayo karibu haikusogea. Vifo vya watoto wachanga, yaani walio katika mwezi wa kwanza wa maisha, vilikuwa 25 katika kila vizazi hai 1,000, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka 5 hufariki ndani ya mwezi wa kwanza. Chanjo na vyandarua vimewaokoa wakubwa zaidi. Mtoto mchanga anategemea zaidi huduma anayopata mama wakati wa ujauzito, siku ya kujifungua na siku chache baadaye.

Wakati wa ujauzito

Mama anashauriwa kuanza kliniki kabla mimba haijatimiza wiki 12. Tangu mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani limependekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 65 ya kina mama Tanzania walihudhuria mara 4 au zaidi.

Kliniki hupima presha, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI. Mama hupewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, chandarua chenye dawa na vidonge vya SP vya kukinga malaria. Akikutwa na virusi vya UKIMWI, huanzishiwa ARV mara moja ili kulinda afya yake na kumkinga mtoto.

Vipimo hivi si vya kujaza kadi tu. Presha ya juu pamoja na protini kwenye mkojo ni dalili ya kuelekea kifafa cha mimba, na mama anaweza kuwa nayo bila kuhisi maumivu yoyote.

Siku ya kujifungua

Wataalamu wa uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda kituoni, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, kwa hiyo kila kuchelewa kuna gharama.

Ndiyo maana familia huhimizwa kupanga mapema: atajifungulia wapi, nani atamsindikiza, nani atabaki na watoto, nani anaweza kumchangia damu, na usafiri utatoka wapi usiku. Kwa dharura ya usafiri upo mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga kabla ya kupelekwa mikoa mingine. Anayepiga namba 115, bila malipo, hutafutiwa gari la wagonjwa, na lisipopatikana, dereva wa eneo lake ambaye hulipwa na mfumo.

Pamoja na sera ya huduma bure, bado wapo kina mama wanaoambiwa waje na glovu, pamba na vifaa vingine. Ni vyema familia iulize mapema kituoni ili isishtukizwe siku yenyewe.

Siku 42 baada ya kujifungua

Hapa ndipo wengi huona kazi imekwisha. Mama na mtoto wanatakiwa kuonwa ndani ya siku 2 za kwanza, tena katika wiki ya kwanza, kabla ya siku ya 28, na mara nyingine kabla ya siku ya 42. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja ya kuzaliwa, awekwe joto, na kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo husaidiwa sana na kubebwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Chanjo hufuata ratiba ya kadi: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha chanjo ya surua na rubela miezi 9 na 18. Dozi ya miezi 18 husahaulika kirahisi kwa kuwa mtoto ameshaanza kukimbia.

Vijana na familia

Mwaka 2022, asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 ni dozi moja. Aliyepata mimba akiwa shuleni anaruhusiwa kurudi masomoni, kwa uamuzi wa serikali wa Novemba 2021. Uzazi wa mpango, ikiwemo vidonge, sindano, vipandikizi na kitanzi, unapatikana kliniki hiyohiyo.

Baba anakaribishwa kumsindikiza mwenza wake, na wote wawili hupimwa pamoja. Hata hivyo, mama aliyekuja peke yake naye ana haki ya kuhudumiwa.

Dalili za kutosubiri

Kwa mama: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, degedege, homa, au mtoto kutocheza tumboni.

Kwa mtoto mchanga: kushindwa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili wa baridi au wa moto sana, degedege, au kitovu kutoa usaha.

Ukiona moja tu kati ya hizi, usingoje siku ya kliniki. Nenda kituo cha karibu, mchana au usiku.