Mgeni Asiyepewa Jembe: Mumiani katika Historia ya Kiswahili, kutoka Pwani hadi Nyanda za Juu Kusini

1.0 Utangulizi

Mnamo Januari 1971, watazamaji wa televisheni nchini Uingereza walimwona kwa mara ya kwanza adui mpya katika Doctor Who, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kurushwa na BBC mwezi Novemba 1963. Adui huyo aliitwa the Master, yaani Bwana, na aliigizwa na Roger Delgado hadi mwigizaji huyo alipofariki katika ajali ya gari mwaka 1973. Bwana alitoka sayari nyingine, lakini hakuwa na pembe wala mkia. Alivaa nadhifu, alizungumza kwa upole, na aliwapumbaza watu kwa macho na maneno. Katika kisa kimoja cha 1971 alijifanya kasisi, akajiita Magister. Katika kingine cha 1972 alijifanya profesa, akajiita Thascales. Mjuzi wa Kilatini na Kigiriki hatakawia kuona kwamba majina hayo mawili hayafichi kitu: yote yana maana ya bwana au mwalimu. Mwovu huyu alijificha ndani ya tafsiri. Silaha yake ya kwanza ilikuwa lugha.

Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Katika Nyololo, makazi yaliyo kando ya barabara kuu baina ya Mafinga na Makambako, wilayani Mufindi, hapakuwa na aliyemjua Bwana wa Delgado. Hata hivyo, mgeni mwenye hila, anayekuja kwa sura ya mtu wa heshima ili achukue uhai wa wenyeji, hakuwa mgeni katika simulizi za Tanganyika, na Nyanda za Juu Kusini hazikuwa kisiwa. Kwa Kiswahili aliitwa mumiani.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya jina hilo na ya majina yaliyoandamana nalo. Hoja yake ni kwamba mumiani si jina la zimwi, bali ni jina la mgeni ambaye kazi yake haijaelezwa kwa lugha ya wenyeji. Hoja hii ina uzito kwa yeyote anayejiandaa kwenda uwandani na daftari na kinasasauti, kwa sababu yeye mwenyewe ni mgeni wa namna hiyo.

2.0 Kutoka dawa hadi mtu

Neno mumiani halikuanza kama jina la mtu. Asili yake ni Kiajemi, ambako mumiyai ni dutu nyeusi mfano wa lami iliyotumiwa kuwa dawa. Shina hilohilo, kwa kupitia Kiarabu na Kilatini, ndilo lililozipa lugha za Ulaya jina la maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Neno lilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia za biashara ya Bahari ya Hindi, na halikufika peke yake. Huko India, katika karne ya 19, zilikuwapo tetesi kwamba wageni walikuwa wakiwakamata watu na kuwakamua mafuta ya miili yao ili kutengeneza dawa yenye jina hilohilo. Kwa hiyo bidhaa na hofu yake vilisafiri pamoja.

Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inatuonyesha neno likiwa katikati ya safari yake. Kamusi hiyo inaeleza kwamba mumiani ni dutu ya rangi nyeusi mfano wa gundi, iletwayo kutoka Uajemi, inayotibu maumivu ya misuli na mifupa iliyovunjika. Kisha inaongeza kwamba wengi waliamini dutu hiyo ni damu ya binadamu iliyogandishwa, na kwamba tetesi za kutafutwa kwake zilipovuma, watu wa mjini hawakuthubutu kutoka nje baada ya jua kutua. Ni nadra kwa kidahizo cha kamusi kubeba habari za hofu ya mji mzima.

Kilichofuata ni badiliko la maana ambalo sarufi inalishuhudia waziwazi. Mumiani iliyo dawa huchukua upatanisho wa vitu: mumiani hii, imeletwa. Mumiani aliye mtafutaji wa damu huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai: mumiani huyu, amekuja. Umbo la nomino halikubadilika hata kwa silabi moja; kilichobadilika ni viambishi vya maneno yanayoiandamana. Hivyo jina la bidhaa likawa jina la anayeitafuta bidhaa. Msemaji wa Kiswahili alihitaji kiambishi kimoja tu, a-, ili kuipa dawa miguu ya kutembea usiku.

3.0 Majina yanayotaja kazi

Mumiani lilikuwa neno la pwani, nalo lilienea bara pamoja na Kiswahili chenyewe. Bara palizuka majina mengine yenye sifa moja ya kushangaza: karibu yote hutaja kazi. Nairobi na Kampala palivuma jina la wazimamoto. Sehemu za Tanganyika walitajwa chinjachinja, jina ambalo uradidi wake hudokeza tendo lililofanywa kuwa mazoea. Ng'ambo ya mpaka wa kusini-magharibi, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama, jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili husikia nyama ndani yake. Huko Katanga waliitwa batumbula, jina linalokaribiana na kitenzi chetu tumbua.

Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu tetesi hizi katika Afrika ya kikoloni, alikataa kuziona kuwa ujinga mtupu. Aliwasikiliza wasimulizi na kutambua kwamba visa vyao vilikuwa na maelezo mengi ya kazi: sare, magari, zamu za usiku, mashimo, vifaa vya hospitali, na wafanyakazi waliokatazwa kusema walichokifanya. Wazimamoto wa kikoloni walikuwa na gari jekundu na nidhamu kali, lakini wakazi wengi wa mitaa ya Waafrika hawakupata kuwaona wakizima moto. Basi gari lile lilikuwa la nini? Tetesi ilikuwa jibu la swali ambalo serikali haikuwahi kulijibu.

Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na maswali ya namna hiyo kwa wingi. Wanaume wa Uhehe na Ubena walisafiri kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wakiwa manamba, yaani watu waliohesabiwa kwa namba badala ya majina. Mufindi nako walowezi wa Kijerumani walianzisha mashamba ya chai baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye mashamba hayo yakapita mikononi mwa kampuni. Maofisa wa afya walichoma sindano na kuchukua damu ili kuipima. Wapimaji wa ardhi walipita na ala zao. Kila mmoja wa wageni hao alichukua kitu fulani, nguvu, namba, damu au mchanga, akaondoka nacho, na aghalabu kilichochukuliwa hakikurudi kwa mwenyewe hata kwa umbo la maelezo.

4.0 Hila na jembe

Sifa kuu ya mumiani katika masimulizi si nguvu, bali ni ujanja. Havunji mlango. Huja na gari lisilowasha taa, huvaa koti la kazi, hutumia dawa ya kulewesha, na mara nyingi husaidiwa na mwenyeji aliyekwisha kununuliwa. Hapa anafanana na Bwana wa televisheni, ambaye naye hujipenyeza kupitia taasisi zinazoaminiwa: kanisa, maabara, chuo. Wote wawili hutumia heshima ya cheo kama vazi. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Uingereza alijua tangu mwanzo nani mwovu, kwa kuwa kamera ilimwonyesha. Mwanakijiji hana kamera. Ana maneno aliyoambiwa na yale aliyonyimwa.

Kiswahili kina methali mbili zinazoweza kusomwa kama nadharia kamili ya ugeni. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza humtazama mgeni kuwa mwenye kuleta heri. Ya pili huweka sharti, kwamba heri hiyo ionekane katika kazi inayojulikana na wote. Mumiani huzipindua zote mbili. Ajapo, mwenyeji haponi bali hudhoofika. Na siku ya tatu hawezi kupewa jembe, kwa sababu kazi yake haifanyiki shambani mbele ya macho ya watu. Ni mgeni ambaye hakuna anayejua anafanya nini.

5.0 Damu katika lugha ya siasa

Tetesi hizi hazikwisha pamoja na ukoloni. Mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya uhuru, hofu ya mumiani ilizusha ghasia huko Buguruni, Dar es Salaam, tukio ambalo mwanahistoria James Brennan amelichunguza kwa kina. Baada ya uhuru damu ilihamia katika istilahi za siasa. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikipa kitenzi nyonya nafasi mpya: unyonyaji ukawa dhana ya uchumi, mnyonyaji akawa adui wa taifa, na lugha ya kupe na mirija ikaingia katika hotuba na vikaragosi vya magazeti. Ufanisi wa istilahi hiyo haukutokana na vitabu vya uchumi pekee. Nchi nzima ilikuwa tayari na sarufi ya kumwelewa mtu anayeishi kwa damu ya wengine, na siasa ikaazima sarufi hiyo.

Mkopo huo ulikuwa na gharama yake. Neno lililotumiwa kueleza mfumo wa uchumi lilibaki pia na maana yake ya zamani, ya mtu mwenye sindano. Mnyonyaji wa jukwaani na mnyonya damu wa kijijini wanatokana na kitenzi kimoja.

6.0 Iringa Mvumi, 2016

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha waliuawa na umati, dereva wao akiwa miongoni mwa waliouawa. Walikuwa katika kazi ya kukusanya sampuli za udongo. Walidhaniwa kuwa wanyonya damu. Jina la kijiji hicho lisimchanganye msomaji na Mkoa wa Iringa. Lakini hali iliyoleta mauaji yale haina mkoa. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, tetesi kama hizo zilisababisha vifo vya watu kadhaa mikononi mwa makundi, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe.

Hakuna maelezo ya kihistoria yanayoweza kuhalalisha mauaji, na mhadhara huu haukusudii kufanya hivyo. Waliokufa Iringa Mvumi walikuwa watu waliotumwa kazi yenye manufaa kwa wakulima. Lakini mtaalamu wa lugha hana budi kuuliza: sampuli ni nini kwa Kigogo? Ni nani huulizwa neno hilo kabla ya gari kuondoka mjini? Kibali hupita ofisini kwa lugha ya ofisi, hupigwa muhuri na kutiwa saini, na mara nyingi safari ya maelezo huishia hapo. Mtu anayechimba udongo, anautia katika mfuko, anaandika namba juu yake na kuondoka nao, ameigiza kwa ukamilifu matendo ambayo wasimulizi wa miaka mingi wamempa mumiani.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1995 mwandishi wa Kenya Katama Mkangi alichapisha riwaya iitwayo Walenisi, ambayo mhusika wake anasafiri hadi sayari nyingine yenye jina hilo. Msomaji makini huligawa jina na kupata sentensi kamili: wale ni sisi. Katika Doctor Who nako Bwana na mpinzani wake, anayeitwa Daktari, wanatoka sayari moja na wana elimu moja. Wote ni wageni duniani. Kinachowatenga ni kile ambacho kila mmoja anakitenda kwa wenyeji.

Historia ya mumiani inatufundisha jambo hilohilo kwa njia iliyo chungu zaidi. Mtafiti na mumiani hufika na gari moja, hushika vifaa vilevile, na huuliza maswali yaleyale. Barabara inayopita Nyololo hushusha wageni mchana na usiku, na wenyeji wana haki ya kuuliza kila mmoja wao amefuata nini. Mgeni anayeeleza kazi yake kwa lugha ya wenyeji, akarudi kuwaonyesha alichokipata, ameipokea kazi mbele ya macho ya watu. Huyo amepewa jembe.