Katazo la Kuku wa Uganda la Mwaka 2017: Rwanda na Homa ya Mafua ya Ndege katika Ukanda wa Maziwa Makuu

Mwanzoni mwa Januari 2017 wavuvi wa ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, walikuta mizoga mingi ya ndege wa porini ufukweni. Bata na kuku wa kufugwa nao wakafa wilayani Masaka. Katikati ya mwezi huo serikali ya Uganda ilitangaza kuzuka kwa homa ya mafua ya ndege, na kirusi kikatambuliwa kuwa H5N8. Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda. Kigali nayo ikafanya vivyo hivyo. Makala haya yanadai kwamba katazo hilo, ingawa lilistahili, lilijibu nusu tu ya swali.

Nusu iliyojibiwa ni ya biashara. Trei za mayai na vifaranga wa siku moja husafiri kwa gari, na gari huzuilika. Nusu ya pili haipiti forodhani. Wengi wa ndege waliokufa Lutembe walikuwa buabua wenye mabawa meupe, ambao huzaliana Ulaya na Asia kisha huja kwetu kukwepa majira ya baridi. Wala jambo hilo si geni barani: mwaka 1961 buabua wapatao 1,300 walikufa Afrika Kusini kwa kirusi cha H5N3. Nyabarongo, mto upitao kando ya Kigali, hupeleka maji yake Ziwa Viktoria kupitia Akagera, na vinamasi vyake ni makazi ya ndege wa majini.

Kuhusu binadamu, kumbukumbu inayotisha ni ya Hong Kong, 1997: watu 18 waliambukizwa H5N1, na 6 wakafa. Kufikia 2006 kirusi hicho kilikuwa kimefika Nigeria, Misri, Sudan na Djibouti. H5N8 ilionekana ya upole; mwaka 2017 hapakuwa na mtu aliyejulikana kuambukizwa. Februari 2021 Urusi ikatangaza maambukizi ya wafanyakazi 7 wa shamba la kuku. Hawakuugua sana, lakini kauli ya kwamba aina hiyo haiwapati watu ilikuwa imekwisha muda wake.

Turudi kwa wavuvi. Walioona kwanza hawakuwa maabara wala maofisa wa mpakani. Katika kaya nyingi za ukanda huu kuku anayedhoofika huchinjwa kabla hajafa, ili hasara ipungue, na kumchinja na kumnyonyoa ndiko kunakomweka mama wa nyumbani karibu zaidi na kirusi. Ukali pekee haubadilishi hesabu hiyo. Anayetoa taarifa huhatarisha banda zima; anayenyamaza hula mchuzi.

Rwanda ilianzisha mwaka 2019 mpango wa bima ya kilimo na mifugo ambao serikali huchangia asilimia 40 ya ada. Swali linalowahusu washauri wa sera ni nani atakayewalipia kuku wazima wanaoangamizwa kwa amri, na baada ya siku ngapi.