Kingda Ka: Tetesi zilikuwa za kweli, ila mashabiki hawakupata nafasi ya kuaga

Novemba 10, 2024, Kingda Ka ilibeba abiria wake wa mwisho katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, New Jersey, Marekani. Abiria hao hawakujua kuwa ndio wa mwisho. Siku nne baadaye ndipo kampuni ikatangaza kwamba rolakosta hiyo, iliyokuwa inakwenda juu kuliko zote duniani, imefungwa moja kwa moja.

Tetesi zilikuwepo kabla ya hapo. Bustani ilikaa kimya.

Ilifanyaje kazi?

Kingda Ka ilifunguliwa Mei 2005. Mnara wake ulikuwa na mita 139, na treni ilifika kasi ya kilomita 206 kwa saa ndani ya sekunde 3.5 tu. Hakukuwa na kupanda polepole. Mitambo ya haidroliki, yaani inayotumia shinikizo la mafuta, ilivuta kebo, na kebo ikairusha treni.

Nguvu ikipungua kidogo tu, treni inashindwa kuvuka kilele na kurudi kinyumenyume mpaka breki ziikamate. Kwa shabiki hiyo ni bahati, anaenda kusimulia nyumbani. Kwa fundi ni siku mbaya kazini.

Na siku hizo hazikuwa chache. Wiki chache tu baada ya kufunguliwa, Kingda Ka ilisimama hadi Agosti 2005 kwa sababu ya hitilafu kwenye mfumo huohuo wa kurushia.

Kwa nini watu walikisia?

Walikuwa wameona yaliyompata dada yake. Cedar Point, jimbo la Ohio, ilikuwa na Top Thrill Dragster ya mwaka 2003, mita 128, mtengenezaji yuleyule Intamin, mfumo uleule. Agosti 2021 kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni kikampiga mwanamke aliyekuwa kwenye foleni, akaumia vibaya. Dragster haikurudi tena kama ilivyokuwa.

Lakini mnara wake haukubomolewa. Haidroliki ilitolewa, zikawekwa sumaku za umeme, na Mei 2024 ikafunguliwa kwa jina la Top Thrill 2. Kumbe shida zilikuwa bado: baada ya wiki moja hivi ikafungwa kwa msimu wote uliobaki, ikarudi 2025.

Hapo ndipo wengi walipokosea kuhusu Kingda Ka. Walidhani nayo itabadilishiwa mitambo na mnara ubaki. Haikuwa hivyo. Februari 28, 2025, mnara uliangushwa kwa baruti.

Dalili zipi za kuamini?

Alama za vipimo ardhini peke yake hazitoshi. Hata bomba la maji linapimiwa. Karatasi za serikali zina uzito zaidi: Marekani, jengo linalozidi mita 61 lazima litolewe taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na maombi ya kusajili majina ya biashara yako wazi kwa yeyote. Ila hata jina likisajiliwa, si lazima litumike.

Na kinachofuata?

Tangazo la kufunga Kingda Ka liliahidi rolakosta mpya ya kurushwa, itakayovunja rekodi kadhaa, na likataja mwaka 2026. Rekodi zipi? Halikusema, na ndiyo maana makisio yakaanza upya siku ileile.

Rekodi ya urefu kwenda juu ndiyo ngumu zaidi. Falcon's Flight ya Qiddiya, karibu na Riyadh, Saudi Arabia, imejengwa kufikia mita 195 na kasi ya kilomita 250 kwa saa. Kuipita hiyo ni gharama kubwa mno kwa bustani ambayo ndiyo kwanza imebomoa mnara uliokuwa ukiisumbua. Makisio yenye mantiki zaidi ni rekodi zenye masharti: ya kwanza Marekani Kaskazini, au ndefu kuliko zote za aina yake.