Makasisi Waliotunga Hadithi za Kale, na Habari za Vuga

Mwaka 1852 Ludwig Krapf, mmisionari wa Rabai, alipanda milima ya Usambara mara ya pili, akafika Vuga mbele ya Kimweri ye Nyumbai, kama alivyofika mwaka 1848. Haja yake ilikuwa moja: walimu wa Injili wapate ruhusa ya kukaa katika nchi. Katika miaka iyo hiyo, huko kwao Uingereza, makasisi watatu walishika kalamu wakatunga hadithi za mapenzi na mauti ya Wakristo wa zamani. Yatufaa kujua walivyofanya, kwa sababu sisi nasi tunazo hadithi za kale, na watoto shuleni huuliza: Mwalimu, je, haya yalitokea kweli?

Wa kwanza ni Charles Kingsley, kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mwaka 1853 alitoa kitabu cha Hypatia, mwanamke mwenye elimu wa mji wa Iskanderia, aliyeuawa na kundi la Wakristo mwaka 415. Kuuawa kwake ni kweli. Lakini watawa waliomo kitabuni wamepakwa masizi kwa kusudi, maana Kingsley hakuwapenda mapadre wasiooa wa siku zake, naye akawapiga kupitia migongo ya watu wa kale.

Kardinali Nicholas Wiseman wa Westminster akajibu mwaka 1854 kwa kitabu cha Fabiola, habari za Roma katika mateso ya Kaisari Diokletiano. Agnes na Sebastiano ni mashahidi wa kweli. Fabiola mwenyewe, bibi tajiri anayeongoka, ni wa kutungwa.

Haukupita muda, John Henry Newman akatoa Callista. Hicho ndicho ninachokipenda. Mahali pake ni Sicca, katika nchi iitwayo leo Tunisia, wakati wa mateso ya Kaisari Decio, karibu na mwaka 250. Nzige wanakula nchi (mkulima wa Afrika hahitaji kuelezwa jambo hilo), na watu wenye njaa wanawageukia Wakristo. Kijana Agellius, Mkristo aliyepoa, anakwenda kumposa Callista, mchonga sanamu. Callista anamkemea: alitumaini kusikia habari za Mungu wake, kumbe kijana amekuja na habari za mapenzi tu. Askofu Cypriano wa Karthago, aliyekuwa mtu kweli na kuuawa mwaka 258, anaingia humo. Lakini Callista hakupata kuwako duniani.

Huku kwetu mambo yalikuwa mengine. Hadithi ya Mbega haikutungwa na kasisi. Aliyeiandika ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Mwislamu aliyeishi miongoni mwa Wakilindi, na Misheni ya UMCA huko Bonde ikaipiga chapa kwa sehemu, kati ya mwaka 1895 na 1907. Nadhani makasisi wale walifanya vema kuliko Kingsley: walimwacha mwenye habari aseme.

Basi tumjibuje mtoto? Mbega alizaliwa kigego, akanyimwa urithi kwao Ngulu, akakimbilia milimani, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama. Njiani kwenda Vuga akaua simba, na huko akasalimiwa Simba Mwene. Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, aonyesha kwamba mambo haya yamepangwa ili yaeleze maana ya ufalme: mtu wa porini afanyika mwenye nchi. Kuwa ufalme ulianza katika karne ya 18 ni jambo moja. Kuwa simba alikufa usiku ule ni jambo jingine. Mwalimu aseme yote mawili, asiogope.

Lakini mwisho wa kitabu si kama mwanzo wake. Hapo Abdallah aandika mambo ya siku zake: Kimweri amekufa, Shekulwavu mjukuu wake amerithi kiti, na Semboja, mwana wa Kimweri, anamfukuza Vuga, kisha vita na watu kuuzwa utumwani. Hapana shujaa aliyesafishwa katika kurasa hizo. Na mtoto akiuliza, mwalimu aweza kumwonyesha Mazinde, pale chini penye nyika, alikokaa Semboja.