Kapi, roda na gofia

Mwulize mwanafunzi jina la kile kigurudumu kinachopitishwa kamba ili kunyanyulia mzigo. Atakujibu "puli". Fundi wa mashine ya kusaga naye husema puli. Si kosa, lakini neno hilo la Kiingereza limefunika majina ambayo mabaharia wetu waliyatenganisha kwa sababu maalumu.

Tazama jahazi. Foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito mno kuinuliwa kwa mikono mitupu. Hufungwa henza, kamba nene inayopita juu ya mlingoti na kushuka upande wa pili. Mwishoni mwa henza huning'inia gofia. Chini, kwenye sitaha, ipo abedari, iliyokazwa isiende popote. Kati ya hizo mbili huzungushwa jarari, kamba ya kuvutia. Abedari hugeuza tu upande wa kuvuta. Inayowapunguzia watu uzito ni gofia, kwa kuwa yenyewe hutembea. Jarari ikipita mara 4, wavutaji watahitaji nguvu kama ya robo ya mzigo, ukiacha msuguano. Lakini ili tanga lipande mita 1, watavuta kamba mita 4. Sasa mtu akipiga kelele "shika puli!", ushike ipi?

Kapi ndilo jina la jumla (na makapi haya si yale ya mpunga). Roda, kwa usemi wa wanaochagua maneno, ni kile kigurudumu cha ndani.

Majina hayo yametoka wapi? Jarari inatukumbusha Kiarabu, ambamo "jarra" ni kuvuta. Kule Malabar, India, wasemaji wa Kimalayalam huita kifaa hiki "kappi". Roda ni Kireno.

Hapo ndipo wengine hurukia kusema ati vyombo vyetu navyo ni vya kuazima, tukafundishwa na wageni kupandisha tanga. La hasha! Ibn Battuta alipofika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kwa chombo cha tanga, na Wareno walikuwa hawajaonekana katika bahari hii. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 ilibidi apewe rubani wa kumwongoza hadi Calicut, huko huko Malabar. Njia ilikuwa imezoeleka, na tanga halijipandishi lenyewe.

Tena, kwa Mreno "roda" ni gurudumu lolote. Kapi lenyewe ana jina lake, "roldana". Kwa maoni yangu, watu wa pwani waliliokota neno hilo chomboni, wala si barabarani, wakalipa kazi waliyoitaka wao. Ndiyo maana hadi leo mkokoteni una magurudumu, nalo kapi lina roda.