Waliovuka Bahari Kutafuta Elimu

Ewe msomaji, kijana aendaye ng'ambo kusoma husifiwa sana siku ya kuondoka. Lakini yafaa tuulize pia: elimu hiyo ilimgharimu nini, na aliporudi aliifanyia nini?

Tuanze hapa kwetu Machakos. Katika shule ya misheni ya Kabaa aliwahi kusoma Tom Mboya, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Zamani hizo Kenya haikuwa na Chuo Kikuu, na nafasi za Makerere, Uganda, zilikuwa chache. Mwaka 1959 Mboya alizunguka vyuo vya Marekani akiomba nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo vijana 81 wakaondoka Nairobi kwa ndege. Jamaa na majirani walikuwa wamefanya karamu za chai, wengine wakauza mifugo, ili kuwachangia.

Mwaka 1960 lilifuata kundi kubwa zaidi. Miongoni mwao alikuwamo Wangari Muta, ambaye baadaye aliitwa Wangari Maathai. Akisafiri kwa basi kwenda chuo chake huko Atchison, Kansas, yeye na wenzake waliingia mkahawani katika jimbo la Indiana. Wakaambiwa wakanywee nje, kwa kuwa walikuwa weusi. Chuoni, kinyume cha hayo, masista Wabenediktini walimpokea kwa wema. Basi nchi moja ilimfundisha mambo mawili.

Wajapani walikwisha kuipita njia hiyo. Mwaka 1871 serikali yao iliwapeleka wasichana watano Marekani. Mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa na umri wa miaka sita tu. Aliporejea mwaka 1882 alikuwa amesahau Kijapani, ikambidi ajifunze upya lugha ya wazazi wake.

Mmoja alipata fedheha, mwingine alipoteza lugha. Hata hivyo, hakuna aliyeiweka elimu yake kama pambo. Tsuda alifungua shule ya wanawake Tokyo mwaka 1900, ambayo leo ni chuo kikuu. Wangari alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini wakapanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Nawe ukijaliwa kusafiri, jifunze kwa bidii, wala usiisahau lugha ya kwenu. Wakumbuke pia waliouza mbuzi wao ili wenzako wa zamani wapande ndege. Deni la namna hiyo hulipwa kwa kazi.