Shokamzoba za Ufipa

Ukisoma historia ya magari Tanzania, lazima utapelekwa Kibaha. Huko TAMCO waliunganisha malori ya Scania kutoka vipande vilivyoletwa kwa meli, na huko Nyumbu, chini ya jeshi, kilianzishwa mwaka 1985 kituo cha kutengeneza gari letu wenyewe. Sibishi. Ila historia hiyo huishia getini, na swali langu linaanzia pale gari linapoiacha Tunduma kupanda kuelekea Sumbawanga. Ni nani aliyeliwezesha kufika?

Kwa miongo mingi njia hiyo, zaidi ya kilometa 220, ilikuwa ya changarawe, na changarawe hujikunja kama bati. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwamba mikunjo hiyo huzuka magurudumu yakizidi mwendo fulani, hata yasipokuwa na springi. Kwa hiyo anayekimbia leo humharibia njia wa kesho.

Wengi hudhani shokamzoba ndiyo hubeba gari. Hapana, springi ndiyo hubeba, shokamzoba huituliza. Ndani yake pistoni husukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka joto. Juu ya mikunjo isiyokwisha joto hilo huzidi, mafuta hufanya povu, na gari huanza kudunda kama mpira. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyingine hazikuwa hata na mafuta: Truffault wa Ufaransa, na Hartford aliyeuza kifaa hicho Marekani, walitegemea sahani zinazosuguana. Kurekebisha kulikuwa kukaza au kulegeza nati, basi.

Anayejiundia gari hana kitabu cha kiwanda. Anakata chesisi, anachomelea mabano, na hapo kila kosa lina bei. Shokamzoba ikisimama wima hufanya kazi yote; ikilazwa nyuzi 30, robo ya nguvu yake kwenye gurudumu imepotea, na ikilazwa nyuzi 45, nusu. Bano la juu likiwekwa chini mno, itagota kabla springi haijamaliza kubonyea. Likiwekwa juu mno, itavutwa hadi ing'oke siku gurudumu litakaponing'inia kwenye korongo. Na bolti za bushi hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo juu ya jeki, la sivyo mpira hubaki umesokoteka na kuchanika mapema. Hii ni elimu kamili. Haina cheti, na nadhani ndiyo sababu haimo kwenye vitabu vyetu.

Ufipa si mgeni wa elimu ya namna hii. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuri za udongo za kimo cha mita 3 hivi, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha kwenye tanuri ndogo zaidi. Bertram Mapunda amezichunguza kwa undani. Kuyeyusha kulififia enzi za ukoloni, majembe ya viwandani yalipojaa madukani. Wahunzi hawakuisha, walibadili malighafi. Springi ya gari iliyokatika ni chuma kizuri: ikipashwa moto na kufuliwa, hutoa panga au kisu. (Waliosema ufundi wa Mwafrika ulikufa hawakuangalia jalalani.)

Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za mkataba wa MCC wa Marekani, uliosainiwa mwaka 2008. Mikataba kama hiyo ina faili, tarehe na sahihi. Msimamizi wangu wa tasnifu ananiuliza nyaraka za mafundi ziko wapi. Namwambia ziko chini ya magari: bano lililong'olewa na kuchomelewa tena sentimeta chache juu, na kovu la weldi ya kwanza bado linaonekana kwenye chesisi.